Zimwi la Darasani na Zimwi la Skrini: Dhidi ya Dharau ya Uhakiki kwa Filamu za Kutisha

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hachekwi kwa kuandika tasnifu juu ya zimwi. Akiketi mbele ya watahini na kueleza jinsi lile zimwi la ngano za Wakikuyu, linalojigeuza kijana mtanashati na kuuficha mdomo wake wa pili kisogoni chini ya nywele, linavyobeba hofu ya jamii juu ya mchumba asiyejulikana ukoo wake, huitikiwa kwa vichwa na kuombwa mifano zaidi. Zimwi hilo lina heshima ya kitaaluma. Lina mihadhara yake, maswali yake ya mtihani na rafu yake maktabani. Lakini mwanafunzi huyohuyo akipendekeza kumchunguza mhusika wa aina ileile katika filamu ya kutisha, nyuso hukunjamana. Huulizwa iwapo amekosa mada yenye uzito; hushauriwa arejee kwenye riwaya; na asipokuwa mkaidi, huufuata ushauri huo na mada ikafa.

Makala haya yanaupinga ubaguzi huo. Yanadai mambo mawili. Kwanza, kwamba miongoni mwa filamu na tamthilia za televisheni za kutisha zimo kazi zinazoweza kuhimili uhakiki mkali kama unavyohimiliwa na riwaya bora. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kwamba dharau ya mhakiki si kimya kisicho na madhara. Kazi inayodharauliwa hukatwakatwa, hufutwa au huachwa ioze, na hatimaye hukosekana kabisa. Sehemu kubwa ya ushahidi utakaotolewa hapa inatoka Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko uharibifu wa namna hiyo umekwisha kuandikiwa historia. Hata hivyo, somo lake linawahusu wahakiki wa Kiswahili moja kwa moja, kama sehemu ya mwisho itakavyobainisha.

Hoja ya uduni wa fani

Wapinzani wa utanzu huu husema kwamba filamu ya kutisha ni kazi duni kwa kuwa hutengenezwa haraka, kwa fedha kidogo, na kwa nia ya kumshtua mtazamaji ili kiingilio chake kipatikane. Hoja hii inachanganya mazingira ya utengenezaji na thamani ya kilichotengenezwa. Hakuna mhakiki wa tendi anayeanza kwa kuuliza manju alilipwa nini. Seuze filamu, sanaa ambayo tangu kuzaliwa kwake haikuwahi kujitenga na biashara!

Mfano ulio wazi ni wa Val Lewton, aliyekabidhiwa kitengo cha filamu za kutisha na studio ya RKO ya Hollywood mwaka 1942. Masharti aliyopewa yalikuwa ya kumdhalilisha msanii yeyote: gharama ya kila filamu isizidi dola 150,000, urefu usizidi dakika 75, na anwani ichaguliwe na wakubwa wake kabla ya hadithi kubuniwa. Anwani ya kwanza ilikuwa Cat People. Lewton na mwelekezi Jacques Tourneur hawakuwa na fedha za kumtengeneza mnyama wa kutisha, na kwa hakika hawakumtaka. Katika filamu hiyo ya 1942, Irena, mhamiaji kutoka Serbia anayeishi New York, anaamini kwamba akikumbatiwa na mumewe atageuka chui. Usiku mmoja anamfuata Alice, mwanamke anayempenda mumewe, kando ya ukuta wa bustani. Viatu vya wanawake wawili vinasikika. Kisha vinasikika vya mmoja tu. Alice anaharakisha kutoka mwanga wa taa moja hadi mwingine, anageuka, haoni kitu. Ghafla unapasuka mlio kama wa mnyama anayeruka, kumbe ni basi linalofunga breki mbele yake. Chui haonekani. Yanayoonekana ni matawi ya mti yanayotikisika juu ya ukuta.

Taharuki ya onyesho hili imejengwa kwa kuondoa. Kila mhadhiri anayewafundisha wanafunzi wake kwamba msimulizi hodari hujua cha kunyamazia angeweza kulitumia kama kielelezo. Vivyo hivyo The Seventh Victim ya 1943, iliyoelekezwa na Mark Robson chini ya Lewton huyohuyo. Humo msichana anamtafuta dada yake katika mtaa wa Greenwich Village na kugundua kwamba amenaswa na kikundi cha waabudu shetani. Waabudu hao hawana pembe wala mapanga. Ni watu wa adabu, wenye sebule nadhifu, na adhabu yao kwa aliyewasaliti ni kumketisha mbele ya kikombe cha sumu na kumbembeleza saa baada ya saa anywe. Filamu hii ya dakika 71 inamalizika kwa sauti tu. Mwanamke mgonjwa, ambaye ameamua kuvaa vizuri na kutoka kwenda kustarehe kabla kifo hakijamfikia, anapita mbele ya mlango wa chumba cha yule dada, na nyuma ya mlango huo kiti kinasikika kikianguka. Mtazamaji alikwisha kuonyeshwa kiti hicho mapema, kikiwa chini ya kitanzi. Ni riwaya ngapi zilizotahiniwa mwaka hadi mwaka zinazomalizika kwa uchumi wa namna hiyo?

Aidha, iko Carnival of Souls ya 1962, filamu ya Herk Harvey, mtu wa mji wa Lawrence katika jimbo la Kansas ambaye riziki yake ilitokana na filamu fupi za mafunzo ya viwandani na shuleni. Mary, mpiga kinanda wa kanisa, anatoka mtoni akiwa hai baada ya gari kutumbukia kutoka darajani. Anahamia mji mwingine kuanza kazi, lakini kuna nyakati ambapo watu wanaomzunguka hawamwoni wala hawamsikii, na mlio wote wa dunia unakatika. Upweke wa mfanyakazi mgeni mjini haukuhitaji fedha nyingi kuonyeshwa. Ulihitaji kukata sauti mahali panapofaa. Wahakiki waliipita filamu hiyo bila kuitazama. Waliokiweka hai kizazi hiki cha picha ni mashabiki waliokesha mbele ya televisheni, hata ikarudi katika kumbi za sinema mwaka 1989. Shabiki alifanya kazi ya mhakiki kwa miaka 27, tena bila mshahara.

Hoja ya ukosefu wa maudhui

Wapo wanaokubali ustadi huo wa fani lakini wakashikilia kwamba hauna la kusema: ni ganda lililopambwa lisilo na kiini. Jibu la kutosha kwa dai hili ni I Walked with a Zombie ya 1943, ambayo pia iliundwa na Lewton na Tourneur kutokana na anwani waliyolazimishwa. Anwani yenyewe inamzungumzia yule ambaye Watanzania humwita msukule, yaani maiti hai anayetumikishwa bila hiari yake. Mhakiki anayeishia kwenye anwani hatajua kwamba hadithi hiyo imekopa muundo wa Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, na kuuhamishia katika kisiwa cha kubuniwa cha Karibiani. Muuguzi kutoka Kanada anaajiriwa na mwenye shamba la miwa amtunze mkewe asiyesema wala kuitika. Mara tu anapowasili, mwendesha gari la farasi Mweusi anamweleza jinsi wazee wake walivyoletwa kisiwani wakiwa wamefungwa minyororo ndani ya meli. Muuguzi anajibu kwa furaha kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mwendeshaji hambishii, anamwachia maneno yake kwa adabu inayochoma kuliko tusi. Katika bustani ya bwana shamba limesimama sanamu lililotolewa mbele ya meli hiyohiyo ya watumwa, limechomwa mishale kifuani, na maji yanalitiririka kama machozi. Watu wa kisiwa hicho, yaelezwa, hulia mtoto anapozaliwa na hushangilia mtu anapofariki.

Wanafunzi wa fasihi ya baada ya ukoloni husomeshwa Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys kama kazi iliyomrudisha Karibiani yule mke aliyefungiwa dari ya juu katika riwaya ya Brontë, na kuufichua utumwa uliolipia jumba hilo la Kiingereza. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1966. Filamu ya Lewton iliitangulia kwa miaka 23. Haidaiwi hapa kwamba kazi hizi mbili zina kina sawa, wala kwamba filamu haina doa: wahusika wake wakuu ni Wazungu, na Carrefour, mlinzi wa njia panda, anaonyeshwa kama umbo la kutisha lisilopewa neno hata moja. Linalodaiwa ni kwamba mhakiki wa baada ya ukoloni asiyeijua filamu hii ana pengo katika elimu yake, na pengo hilo limechimbwa na kiburi.

Fauka ya hayo, filamu hiyo haiamui. Je, mke yule amelogwa, au aliharibiwa ubongo na homa? Mama mkwe wake anakiri kuwa ndiye aliyeomba alogwe, lakini daktari anayo maelezo yake, na kila ushahidi unasomeka kwa njia mbili. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya ajabu, aliufanya huo ndio msingi wa utanzu: msomaji kusitasita baina ya maelezo ya kimaumbile na yasiyo ya kimaumbile. Nadharia hiyo inatumika bila wasiwasi kuichambua Nagona ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1990 na Mzingile ya 1991. Kama chombo ni kilekile na mgonjwa ana dalili zilezile, mbona mmoja alazwe wodini na mwingine afukuzwe langoni?

Televisheni nayo inatoa ushahidi wake. Tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilionyesha Ghostwatch, tamthilia ya Stephen Volk iliyoelekezwa na Lesley Manning. Iliigiza matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mzimu, ikiongozwa na Michael Parkinson, mtangazaji aliyezoeleka na kuaminiwa na taifa zima. Ingawa ilikuwa imerekodiwa mapema na jina la mtunzi lilionyeshwa, maelfu ya watazamaji walipiga simu kwa hofu na hasira, na kwa miongo iliyofuata BBC haikuirudia. Maudhui yake hasa ni imani. Mzimu hauingii sebuleni kwa kupenya ukutani. Unaingia kwa sababu mamilioni wamekaa pamoja, wakati mmoja, wakiuangalia mlango uleule walioufungua wenyewe kwa kumwamini mtu anayesema kwa upole kutoka studioni. Tamthilia iliyouliza swali hilo mwaka 1992 ina la kumwambia msomi anayechunguza uvumi na habari za uongo katika vyombo vya mawasiliano leo.

Hoja ya uchawi na madhara kwa jamii

Hoja ya tatu haiwezi kujibiwa kwa kejeli, kwa kuwa ina maiti nyuma yake. Husemwa kwamba filamu za kutisha zinazokuza uchawi na majini huchochea imani zinazoua. Katika kaunti ya Kilifi na katika sehemu za Kisii, wazee wameuawa na watu wa ukoo na majirani zao kwa kutuhumiwa kuwa wachawi, na mara nyingine mvi zenyewe hufanywa ushahidi. Mwalimu anayesita kumpa mwanafunzi filamu inayoishia kwa kumnyoshea kikongwe kidole hana budi kusikilizwa.

Lakini hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho wake, haileti hitimisho la wapinzani. Inaleta kinyume chake. Iwapo filamu hizi zina nguvu ya kuua, basi haziwezi kuwa upuuzi usiostahili kuchunguzwa. Na iwapo baadhi yake zinamtetea mshtaki ilhali nyingine zinamfichua, ni nani atakayezitenganisha kama mhakiki amejifungia ndani?

Witchfinder General ya mwaka 1968 ni ya kundi la pili. Mwelekezi wake, Michael Reeves, alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 25. Filamu inamfuata Matthew Hopkins, mtu wa kihistoria aliyezunguka mashariki mwa Uingereza katika miaka ya 1640, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiwasaka wachawi kwa malipo. Ndani yake hamna mchawi hata mmoja. Hamna jini, hamna uganga. Kuna mtu mwenye daftari la ada zake, msaidizi anayefurahia kuwatesa watu, na wanakijiji ambao kila mmoja ana jirani angependa aondoke. Kitisho chote kinatokana na urahisi wa kushtaki. Tena Reeves hamwachi mtazamaji atoke na dhamiri safi: kijana mwema anayetaka kulipiza kisasi anamkatakata Hopkins kwa shoka, na askari mwenzake anapompiga Hopkins risasi ili amalize mateso yake, kijana analia kwa ghadhabu kwamba amenyang'anywa windo lake. Mkewe aliyeteswa anapiga mayowe, na mayowe hayo ndiyo mwisho wa filamu. Baadhi ya wahakiki wa Uingereza waliilaani kwa ukatili wake, kana kwamba ukatili ulikuwa umebuniwa na kamera. Kwa mhadhiri anayefundisha pwani ya Kenya, ambako shtaka la uchawi bado linaweza kuwa hukumu ya kifo, ni vigumu kufikiria kazi ya kigeni iliyo karibu zaidi na mlango wake.

Gharama ya dharau

Hadi hapa imeonyeshwa kwamba wapinzani wamekosea. Sasa ionyeshwe kosa hilo limegharimu nini.

Mwaka 1973, Bill Gunn, mwandishi na mwelekezi Mmarekani Mweusi, alitoa Ganja & Hess. Waliomlipa walitaka filamu ya mnyonya damu Mweusi iliyofanana na Blacula ya 1972, iliyokuwa imeuza vizuri. Gunn alichukua fedha zao akatengeneza kitu kingine. Dakta Hess Green, mtaalamu tajiri wa mambo ya kale, anachomwa kisu cha taifa la kale la Afrika la kubuniwa, naye anaanza kuwa na kiu ya damu isiyokatika. Duane Jones, aliyemwigiza Hess, ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wa Night of the Living Dead ya 1968. Hess ana jumba, dereva, sanaa ukutani na damu ya wengine glasini. Kati ya kanisa la Kikristo linalomwita na urithi wa Afrika ulio ndani ya mwili wake, hana mahali pa kusimama. Filamu hiyo ilionyeshwa katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Ilipofika New York, ilipokewa vibaya na wahakiki wengi, na Gunn aliwajibu kwa barua iliyochapishwa katika New York Times mwezi Mei mwaka huohuo. Wenye mali wakaiondoa, wakaikatakata upya bila ridhaa yake, na kuiuza kwa majina mengine, likiwemo Blood Couple. Nakala nzima ilinusurika katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York. Gunn alifariki mwaka 1989. Mwaka 2014 Spike Lee aliitengeneza upya filamu hiyo kwa jina la Da Sweet Blood of Jesus. Heshima ilifika baada ya mwenyewe kuondoka kwa robo karne.

Mhakiki wa Afrika Mashariki hawezi kusema kwamba mnyonya damu ni mgeni kwake. Mumiani walitiwa hofuni Mombasa na Dar es Salaam kabla ya televisheni. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizitumia hadithi za mumiani na wazimamoto wa Kenya, Uganda na kwingineko kama ushahidi wa jinsi watu walivyouelewa ukoloni: utawala unaotoa damu ya mtu na kuipeleka asikokujua. Inasikitisha kwamba mwanahistoria alitangulia kuziheshimu hadithi hizo kama maandishi yenye maana, huku mtaalamu wa hadithi mwenyewe akizunguka akitafuta mada.

Hali ya televisheni ya Uingereza ilikuwa mbaya zaidi. Kanda zilikuwa ghali, nazo zilifutwa ili zitumike tena. Kilichohesabiwa kuwa cha kupitisha usiku hakikuonekana kuwa na sababu ya kuhifadhiwa. Late Night Horror, mfululizo wa BBC wa vipindi 6 wa mwaka 1968, umebakiwa na kipindi kimoja. Hasara iliyo kubwa zaidi ni The Road ya Nigel Kneale, iliyoonyeshwa mwaka 1963. Watu wa karne ya 18 wanasikia vilio na ngurumo msituni usiku, nao wanadhani ni mizuka ya waliokufa zamani. Hatimaye mtazamaji anatambua kwamba sauti hizo hazitoki wakati uliopita. Ni za watu wa karne ya 20, wakikimbia kwenye barabara kuu ulipoanza mlipuko wa nyuklia. Wazo hilo, la wafu ambao bado hawajazaliwa, lingetosha kumpa mtunzi yeyote nafasi katika historia ya fasihi. Kanda yake haipo. Muswada ulibaki, na mwaka 2018 ukatayarishwa upya kwa redio, lakini uigizaji wenyewe hauwezi kurudishwa.

Kneale huyohuyo aliandika The Stone Tape, iliyoonyeshwa na BBC siku ya Krismasi mwaka 1972. Kundi la wataalamu wa elektroniki linatafuta njia mpya ya kurekodi sauti, na katika nyumba kongwe linagundua kwamba mawe ya chumba kimoja yamehifadhi mayowe ya mtumishi wa kike aliyefia humo. Mkuu wao anaona biashara tu. Kwa pupa ya kuyachunguza mayowe hayo, wanayafuta. Na yalipofutika, chini yake kuna kitu cha kale zaidi ambacho hakuna aliyekuwa tayari kukutana nacho. Tamthilia hiyo juu ya kufuta ilinusurika ndani ya shirika lililokuwa likifuta.

Zimwi nyumbani

Yote haya yangeweza kuchukuliwa kama habari za mbali lau filamu ya kutisha isingekuwa imekwisha kuhamia katika Kiswahili. Living in Bondage ya mwaka 1992, ambayo mara nyingi hutajwa kama mwanzo wa biashara kubwa ya video nchini Nigeria, ni hadithi ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, kisha mzimu wa mke ukamwandama. Filamu za mkondo huo zilienea kwa kanda hadi Afrika Mashariki. Huko Dar es Salaam, msimulizi mashuhuri Lufufu alizirudia filamu za kigeni kwa sauti yake katika Kiswahili, akitafsiri, akifafanua na kuongeza yake. Miongoni mwazo ni Karishika ya Nigeria, inayomhusu pepo wa kike aliyetumwa na Lusifa kuwapotosha wanadamu. Katika miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za video za kutisha za Kitanzania zilizoigizwa kwa Kiswahili.

Mtaalamu wa fasihi simulizi na asimame hapa kidogo. Lufufu alikuwa fanani mbele ya hadhira. Alichukua hadithi iliyotoka kwingine, akaifinyanga kwa ajili ya wasikilizaji wake, akacheza na sauti, akaingiza maelezo, mzaha na maonyo. Kila sifa ya utendaji inayofundishwa katika mwaka wa kwanza ilikuwamo katika kazi yake. Lau angekaa chini ya mwembe akisimulia sungura na fisi, angefuatwa na watafiti wenye vinasa sauti. Kwa kuwa alisimulia juu ya picha za video, aliyezichunguza kwa makini kazi zake alikuwa mwanaanthropolojia wa Kijerumani. Hakuna dhambi katika utafiti wa mgeni. Dhambi iko kwa mwenyeji aliyesikia mlio mtaani mwake akafunga dirisha.

Na saa inakwenda. Kanda ya video huota ukungu katika joto la pwani, na sahani za VCD huchubuka zikikodishwa mkono hadi mkono. Lililotokea kwa The Road linaweza kutokea kwa filamu hizi bila hata mtu kuamuru zifutwe.

Hitimisho

Wahakiki wa Kiswahili wana historia ambayo ingepaswa kuwaonya. Kuna wakati riwaya ya upelelezi iliwekwa kando kama kitu cha kusomea safarini; leo hakuna anayeandika historia ya nathari ya Kiswahili bila kuitaja Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, na fasihi pendwa ina wataalamu wake. Filamu ya kutisha imesimama pale riwaya hiyo iliposimama, ila ina udhaifu mmoja ambao kitabu hakina. Kitabu kilichodharauliwa hubaki rafuni kikimsubiri msomaji mwenye akili zaidi. Picha iliyodharauliwa hufutika.

Haiombwi hapa kwamba kila filamu ya kutisha isifiwe. Nyingi ni mbovu: zinadhalilisha wanawake, zinarudia vitisho vilevile, na baadhi, kama ilivyokubaliwa juu, zinawapa wauaji wa wazee kisingizio. Kupepeta ndiyo kazi ya mhakiki. Mtu hapepeti kwa kulitupa gunia zima nje. Linalodaiwa ni dogo na linawezekana: idara zikubali tasnifu katika uwanja huu na kuzitahini kwa ukali uleule wa tasnifu za riwaya, maktaba za vyuo zikusanye kanda na sahani za filamu za Kiswahili zingali zinachezeka, pamoja na usimulizi wa akina Lufufu, na wahadhiri wa utendi na ngano wakae chini wazitazame kazi zilizotajwa hapa kabla ya kuzitolea hukumu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la skrini limeijua hadhira ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Mhakiki ndiye ambaye bado hajajitambulisha kwake.